Kigoda cha kukunja cha miguu mitatu: bidhaa moja inayotosha kuanzisha karakana ndogo

Mtu anayelala porini mara kwa mara, anayevua, anayepanda milima au kutazama ndege, halafu nyumbani ana randa na msumeno, anajua jambo ambalo seremala wa samani za sebuleni halazimiki kulijua: kifaa cha nje huharibikia wapi. Kiti cha kukunja hakivunjiki popote tu kwenye mguu, huvunjika pale tundu la bolti lilipo. Kitambaa chake hakichaniki katikati, huachia kwenye pembe. Fimbo ya kutembelea huanza kuoza nchani, na mpini wa kisu hulegea pale maji yanapopenya kati ya chuma na mti. Ujuzi wa namna hii ndio mtaji wa kwanza wa anayetaka kugeuza mapenzi yake ya nje kuwa kazi ya kipato.

Tatizo ni kwamba wengi huutawanya. Wiki hii mwiko, wiki ijayo kibao cha kukatia, kisha sanduku la kuwekea ndoano, kisha kinyago cha ndege. Vitu vinajaa rafuni, kila kimoja cha namna yake, na mwenyewe hawezi kusema hata kimoja kimemchukua saa ngapi. Bei anaikisia. Mteja akitaka vitano vinavyofanana, anashindwa.

Ninachosisitiza ni hiki: chagua bidhaa moja, ijue hadi ndani, na uitengeneze kwa mafungu ya 12 badala ya kimojakimoja. Mfano ninaoutumia hapa ni kigoda cha kukunja cha miguu mitatu, kwa sababu kina mbao kidogo, kinakunjika, kinasafirishika, na hakiyumbi kwenye ardhi isiyo sawa. Miguu mitatu hugusa chini yote daima. Minne haina uhakika huo.

Miko na vijiko vya kuchonga ni kazi nzuri ya jioni na ni shule bora ya kuusoma mti, lakini sishauri viwe msingi wa biashara. Muda wa kuchonga kijiko cha 12 ni karibu uleule wa kijiko cha kwanza. Huwezi kuugawa. Kigoda, kinyume chake, kina hatua nyingi za kupanga mashine na kupima, na hatua hizo ukizifanya mara moja zinahudumia fungu zima.

Mbao na ukavu wake

Sehemu kubwa ya malalamiko ya wateja wa vitu vya mbao huanzia kwenye unyevu. Mti uliokatwa leo una maji ambayo uzito wake ni theluthi ya uzito wa mbao kavu au zaidi, na kwa aina nyingine maji huzidi hata uzito wa mbao yenyewe. Maji yaliyo huru ndani ya seli hutoka kwanza, na wakati huo ubao haubadiliki umbo. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 28 hadi 30 hivi, maji yaliyoshikwa na kuta za seli ndiyo yanayoanza kutoka, na hapo ubao husinyaa. Kusinyaa huku hakulingani pande zote: kwa kufuata mzingo wa pete za mti ubao husinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kuelekea ganda, na kwa urefu karibu hausinyai kabisa.

Matokeo yake kwenye kigoda ni haya. Mguu uliokerezwa duara la mm 30 ukiwa na unyevu wa asilimia 20, kisha ukakauka hadi asilimia 10, hupungua takriban mm 0.8 upande mmoja na mm 0.4 upande mwingine, kwa mti wa kawaida. Haubaki duara tena. Tundu la bolti nalo linakuwa yai, bolti inakaza upande mmoja, na mteja anapolazimisha kufungua, mguu unapasuka. Fundi atalaumu mti, lakini kosa lilikuwa haraka.

Huhitaji kifaa cha bei kubwa kupima. Kata kipande cha unene wa sm 2 kutoka angalau sm 30 ndani ya ubao, kwa sababu ncha hukauka mapema na hudanganya. Kipime kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi joto 103 za Selsiasi, ukikipima kila saa, hadi vipimo viwili mfululizo viwe sawa. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawa kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande kilichoanza na gramu 84 na kuishia gramu 70 kilikuwa na asilimia 20. Hicho bado. Kwa kigoda subiri hadi asilimia 10 hadi 12. Kipima unyevu cha kuchomeka sindano mbili hurahisisha kazi baadaye, ila kilinganishe kwanza na oveni, maana kila aina ya mti hukisomesha tofauti.

Kukausha kwa hewa hakuna siri, kuna uvumilivu. Siku ileile gogo linapokatwa, paka ncha zake nta au rangi nzito. Ncha hupoteza maji kwa kasi kubwa kuliko ubavu, mara kumi na zaidi, na tofauti hiyo ndiyo inayofungua zile nyufa zinazoingia sm 5 hadi 10 ndani. Panga mbao juu ya magogo yaliyoinuka sm 30 au 40 kutoka ardhini, chini ya paa, upepo upite. Kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vya mm 20 hadi 25, kimoja kila sm 40 au 50, na vyote vikae wima juu ya vingine. Kijiti kikipotoka mstari, ubao wa chini yake hupinda palepale. Juu kabisa weka uzito. Kanuni ya mwaka mmoja kwa kila mm 25 za unene ni makadirio tu; mbao nyepesi huwahi, nzito huchelewa, na hali ya hewa huamua yaliyobaki.

Kuhusu aina ya mti, tafuta mbao ngumu ya kilo 600 hadi 800 kwa mita ya ujazo ikiwa kavu, yenye nyuzi zilizonyooka. Unyoofu ni muhimu kuliko jina la mti. Chora mstari kufuata nyuzi ubavuni mwa mguu: zikitoka nje kwa zaidi ya sm 1 kwa kila sm 12 za urefu, mguu huo usiubebeshe mtu. Njia ya uhakika ni kupasua gogo kwa kabari badala ya kulipasua kwa msumeno, kwa sababu mpasuko hufuata nyuzi zenyewe. Gogo la sm 70 lipasue liwe vipande vya mm 40 kwa mm 40, vikaushe, ndipo uvilete kwenye mm 30. Zile mm 10 za ziada hazipotei bure: zinalipia kusinyaa, kupinda kidogo, na kasoro zinazojitokeza njiani.

Epuka sehemu ya nje ya gogo, ile nyeupe iliyo karibu na ganda. Ina wanga, na wadudu wanaotoboa mbao kavu huipenda. Dalili ni unga laini kama wa mahindi chini ya rundo na matundu ya mm 1 au 2. Mbao yenye dalili hiyo haifai kumfikia mteja, labda iwe imepashwa joto hadi ndani yake kabisa pafike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo. Kipimo hicho ndicho kinachotumika pia katika kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia mizigo, ISPM 15.

Vipimo vya kigoda

Miguu ni mitatu, kila mmoja sm 60, kipenyo mm 30. Tundu la bolti liko sm 32 kutoka chini, hivyo juu yake zinabaki sm 28. Pembe tatu ya kitambaa ina sm 36 kila upande. Kwa vipimo hivyo pembe za kiti hukaa sm 40 hivi kutoka chini, na mtu akikaa kitambaa kinashuka katikati sentimita kadhaa. Miguu huko chini inatanuka hadi sm 41 kati ya mmoja na mwingine, yaani pana kuliko kiti. Upana huo ndio unaozuia kigoda kupinduka mtu akiegemea pembeni. Ukiweka tundu katikati kabisa, sm 30, chini na juu vinalingana, na kigoda kinakuwa kirefu kidogo lakini chepesi kuanguka. Ukilishusha chini ya katikati, miguu inabanana chini hadi iwe na upana mdogo kuliko kiti, usifanye hivyo.

Huna mashine ya kukereza? Randa inatosha. Andaa mti wa mraba wa mm 30, weka alama mm 9 kutoka kila ukingo, randa pembe hadi kwenye alama upate pande nane zinazolingana, kisha kata pembe hizo upate 16, na msasa unamalizia. Mguu wa pande nane ukiachwa hivyohivyo nao unapendeza, na haubingiriki juu ya meza ukiufanyia kazi.

Kiungo cha katikati ni bolti ndefu ya M8 (unene wa mm 8) yenye mm 90, bolti ya jicho, yaani yenye kichwa cha pete, ya M8 yenye shina la mm 50, nati mbili zenye pete ya nailoni ndani, na washa sita, zile pete bapa za chuma zinazokaa chini ya nati. Bolti ndefu hupita mguu wa kwanza, hupita kwenye jicho, kisha mguu wa pili. Shina la bolti ya jicho hupita mguu wa tatu. Hesabu yake ni rahisi: mm 30 mara mbili za miguu, mm 8 za jicho, mm 6 za washa na mm 8 za nati, jumla mm 82, kwa hiyo ya mm 80 haitoshi. Jicho liwe na nafasi ya ndani ya mm 10 au zaidi, la sivyo miguu haitageuka. Tundu la mbao toboa mm 9 ili bolti icheze kidogo. Kwa kitu kinachonyeshewa tumia chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida kikikutana na mbao yenye asidi nyingi na maji huacha madoa meusi yasiyotoka.

Kaza nati hadi washa iguse, kisha rudisha nyuma robo mzunguko. Ikikazwa hadi mwisho, mtu anapofungua kigoda nguvu yote hupita kwenye kuta za tundu, na mguu hupasuka kufuata nyuzi, mara nyingi kwa mlio mdogo usiotiliwa maanani. Ufa wenyewe huenda usionekane hadi baadaye.

Vichwa vya juu vya miguu vilainishwe kwa mviringo wa mm 5, maana ukingo mkali hukata kitambaa kutoka ndani. Vya chini visugue ukingo mm 3 ili visichanike vikigonga mawe.

Kitambaa

Turubai la pamba la gramu 400 hadi 500 kwa mita ya mraba linatosha. Lifue na kulikausha kabla ya kukata. Pamba ambayo haijafuliwa inaweza kupungua asilimia 5 au zaidi mvua ya kwanza ikiinyeshea, na kigoda kilichokuwa kinafunguka vizuri kinagoma.

Jambo linalowapita wengi: pembe tatu haiwezi kuwa na pande zote zinazofuata uzi wa kitambaa. Upande mmoja ukinyooka na uzi, miwili inakatiza mshazari, na mshazari huvutika. Baada ya miezi michache kiti kinakuwa kimelala upande. Dawa ni kushona utepe wa poliesta wa mm 25 kuzunguka kingo zote tatu, ili utepe ubebe mvuto badala ya kitambaa. Usitumie utepe wa nailoni, unavutika ukilowa.

Mifuko ya pembe, ile ambayo vichwa vya miguu huingia, iwe na kina cha sm 7, tabaka mbili, na mishono mitatu sambamba. Uzi uwe wa poliesta mnene, sindano namba 110, urefu wa mshono mm 3.5. Mshono mfupi kuliko mm 2.5 unatoboa kitambaa matundu mengi yanayopangana, na kitachanika kwenye mstari huohuo. Mwisho wa kila mshono rudi nyuma sm 2.

Kufanya fungu zima

Hapa ndipo biashara inapopatikana au kupotea. Andaa kiongozi cha kutobolea: kipande cha mbao ngumu cha sm 15, chenye mfereji wa umbo la V unaoukumbatia mguu, na tundu la mm 9 lililotobolewa wima kwa mashine ya meza. Kifunge kwenye ubao mrefu wenye kizuizi sm 32 kutoka kwenye tundu. Kila mguu unausukuma hadi kwenye kizuizi, unaubana, unatoboa. Miguu 36 inatobolewa bila kupima hata mmoja, na yote inafanana. Upande wa kutokea biti, kile chuma cha kutobolea, weka kipande cha mbao isiyo na kazi, ili nyuzi zisichomoke.

Biti ikianza kuchoma mbao na kutoa moshi, imeisha makali. Inoe au ibadilishe kabla ya kuendelea. Ukiisukuma kwa nguvu, hupinda ndani ya mti na tundu hutoka pembeni. Pima upande wa pili wa mguu wa kwanza, wa 12 na wa 24: tundu likiwa limehama zaidi ya mm 1 kutoka katikati, simama utafute sababu.

Vilevile tengeneza kigezo cha kitambaa kwa plaiwudi ya mm 4 chenye posho ya mshono, yaani ziada ya kitambaa ya kushonea, tayari ndani yake. Kigezo cha karatasi huliwa na mkasi kidogokidogo, na fungu la tatu halitafanana na la kwanza.

Andika muda. Daftari moja, kalamu moja, saa ukutani: kupasua, kuranda, kutoboa, kusugua msasa, kupaka, kukata kitambaa, kushona, kuunganisha, kufungasha. Kwa kigoda cha peke yake si ajabu kufikisha saa 3. Kwa fungu la 12 lengo zuri ni saa 15 kwa jumla, yaani saa moja na robo kila kimoja. Daftari litakuonyesha mahali muda unapovuja, na mara nyingi ni kwenye msasa. Anza namba 80 pale tu palipo na alama za randa au patasi, kisha 120, kisha 180. Lowesha mti kwa kitambaa chenye maji, acha ukauke, na umalizie kwa 220. Nyuzi zilizosimama kwa maji hukatwa, na hazitasimama sana tena mvua ikinyesha. Kupita 220 kwa kitu cha porini ni kupoteza nguvu, na mafuta hunywewa vibaya.

Vumbi lenyewe si jambo la kupuuza. Tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Vaa barakoa ya FFP2 au N95, sugulia nje au karibu na kifyonza vumbi, na usipulize karakana kwa kompresa: vumbi laini kuliko yote hubaki hewani muda mrefu baada ya wewe kuvua barakoa.

Mafuta

Vanishi ngumu inapendeza dukani, porini haidumu kwenye kitu kinachokunjwa. Miguu husuguana pale kwenye bolti, vanishi hupasuka, maji huingia chini yake na mti huwa mweusi bila njia ya kutokea. Mafuta yanayokauka ni bora, kwa sababu mteja mwenyewe anaweza kurudia kupaka. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa hukauka kwa siku moja au mbili yakipakwa membamba. Mabichi yanaweza kuchukua wiki nzima na zaidi. Penye joto na unyevu mwingi mafuta ya kitani huota ukungu mweusi, na hapo mafuta ya tungi, yale ya mbegu za mti wa Uchina, yanastahimili zaidi.

Paka, subiri dakika 15 hadi 20, futa yote yaliyobaki juu, acha saa 24. Mara tatu. Ncha za chini zipake mara mbili zaidi, kwa sababu hunyonya kama utambi. Mafuta yasiyofutwa hugeuka gundi inayonata na kukusanya vumbi.

Sasa jambo ambalo limechoma karakana nyingi duniani: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani. Mafuta haya yanapokauka hutoa joto. Kitambaa kikikunjwa na kutupwa pipani, joto halina pa kutokea, linapanda, na kinawaka chenyewe bila kiberiti, pengine saa kadhaa baada ya wewe kuondoka. Kitandaze nje kikiwa kimoja hadi kikakamae, au kizamishe kwenye ndoo ya maji yenye kifuniko. Fanya hivyo hata ukiwa umechoka.

Jaribio kabla ya kuuza

Toa kigoda kimoja katika fungu la kwanza kiwe cha kuvunjwa. Kipakie mifuko ya mchanga iliyopimwa, kilo 20 kwa wakati, na kati ya mzigo na mzigo angalia matundu kwa tochi. Acha kilo 150 juu yake kwa saa 12. Kisha endelea kuongeza hadi kivunjike, ukiwa mbali. Unachotafuta ni namna kinavyokufa: mbao inayolia na kupinda kabla ya kuvunjika humpa mtu nafasi ya kuinuka, mfuko wa kitambaa unaoachia ghafla haumpi. Kama kitambaa ndicho kinachotangulia, rudi kwenye mishono. Uzito utakaouandika kwenye lebo usizidi nusu ya ule uliokivunja.

Bei

Hesabu ya bei hukosewa mahali pamoja, kwa hiyo naiweka kwa namba. Chukua malipo ya saa yako moja kuwa 100, kwa fedha yoyote. Tuseme mbao pamoja na zinazotupwa ni 40, bolti na nati 35, kitambaa na uzi 30, mafuta na msasa 10. Jumla 115. Kazi ni saa moja na robo, 125. Umeme, kodi ya mahali, kunoa na kuchakaa kwa vifaa, sema asilimia 20 ya kazi, 25. Gharama kamili ni 265. Ongeza faida ya asilimia 15 unapata 305 hivi. Faida ni ya biashara, si mshahara wako. Mshahara umo tayari kwenye ile 125.

Ukimuuzia mtu moja kwa moja, 305 ni yako. Duka likitaka asilimia 40 ya bei ya rafuni, wengi huchukua 305 wakaongeza asilimia 40, wakapata 427. Duka linakata asilimia 40 ya 427, yaani 171, na fundi anabaki na 256. Amepata hasara ya 9 kwa kila kigoda huku akidhani anapata faida. Hesabu sahihi ni kugawa: 305 gawa kwa 0.6, jibu ni 508. Kama soko halitakubali 508, basi usiuze kwa njia ya duka hadi upunguze muda wa kazi au upate bolti kwa bei ya jumla. Kupunguza mshahara wako ili kumridhisha mwenye duka hakutatui kitu.

Na usisahau saa zisizo za benchi: kupiga picha, kujibu ujumbe, kwenda kuchukua mbao, kupanga mizigo. Katika wiki ya saa 40 ukizipata 25 za kutengeneza, umejipanga vizuri. Mshahara wa saa uliouweka kwenye hesabu lazima uzibebe na hizo nyingine.

Kusafirisha

Kampuni nyingi za vifurushi hutoza kwa uzito au kwa ukubwa, chochote kilicho kikubwa. Kanuni inayotumika sana ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5000. Kigoda kilichokunjwa ndani ya boksi la sm 62 kwa 12 kwa 12 kinahesabiwa kilo 1.8, ingawa mizani inasoma kilo 1.3 au 1.4. Boksi la 62 kwa 20 kwa 20, kwa sababu tu ndilo lililokuwepo, linageuka kilo 5. Tafuta boksi linalofaa kabla ya kupanga bei ya usafirishaji. Zungushia karatasi vichwa vya bolti, funga kigoda kwa karatasi badala ya plastiki, na subiri wiki mbili tangu upake mafuta mara ya mwisho. Mafuta mabichi ndani ya plastiki hunuka na kuota ukungu.

Ukivusha mpaka, angalia jina la kisayansi la mti. Mpingo na karibu jamaa zake wote wa jenasi ya Dalbergia wako tangu Januari 2017 katika Kiambatisho cha II, orodha ya aina ambazo biashara yake ya kuvuka mpaka hudhibitiwa kwa vibali, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na mkutano wa Novemba 2022 ukaongeza miti ya Afrika ya jenasi za Pterocarpus na Afzelia, ambamo wamo mninga na mbambakofi. Zipo nafuu kwa baadhi ya vitu vilivyokamilika, lakini soma maelezo ya aina yako mahususi kabla ya kutuma. Hifadhi risiti ya kila gogo. Ganda la mti lisibaki hata kipande, maana wakaguzi wa mimea hulitazama kwanza.

Kwenye tangazo andika urefu kikiwa kimekunjwa, uzito, kimo cha kukalia na mzigo wa juu kabisa. Mpanda mlima hununua kwa namba hizo. Picha moja iwe ya kiungo cha katikati kwa karibu, kwa kuwa anayejua vitu vya nje huko ndiko anakotazama.

Kila kigoda kipigwe namba ya fungu kwa chuma cha moto au muhuri, chini ya mguu mmoja, na daftari liseme fungu hilo lilitoka gogo lipi, unyevu wake, na kitambaa cha roli gani. Mguu ukipasuka baada ya miezi minne, namba inakuambia kama ni bahati mbaya ya mguu mmoja au kama vigoda vingine 11 vya gogo lilelile navyo viitwe virudi. Uza pia viti vya kitambaa pekee na seti za bolti. Kitambaa cha kigoda cha porini huchakaa kabla ya mbao, na kwa kigezo kilekile cha plaiwudi, kiti kipya kitaingia kwenye miguu ya fungu la kwanza bila kurekebisha chochote.